Ng'ombe ana miezi mitatu tangu azae, hana joto: sindano ya GnRH inagusa wapi hasa?

#1 Mfugaji wa Pongwe
Wadau, salaam. Naleta hoja, mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Huku Tanga, kuanzia Pongwe hadi Muheza na Maramba, chotara akipitisha siku 90 tangu azae bila kuonyesha joto (dalili za kutaka dume), cha kwanza kukimbiliwa ni sindano ya GnRH, homoni ya ubongo inayoamsha uzazi. Anachomwa msulini, mwenye ng'ombe anatoa hela, anaambiwa avizie joto. Joto haliji. Anachomwa tena.

Madai yangu ni haya: kwa ng'ombe ambaye ovari zimelala kabisa, hiyo ni hela ya pumba imemwagwa. Kilichosimama hakipo kwenye ovari wala kwenye tezi ya pituitari. Kipo juu zaidi, kwenye seli za ubongo zinazotengeneza kemikali iitwayo kisspeptini. Hizo ndizo zinazoamua GnRH itoke mara ngapi kwa saa. Zikinyamaza, ya kwenye chupa inapita mara moja na mambo yanarudi palepale.

Nani ana maelezo tofauti?

#2 Mhimilishaji Muheza
Hoja ina uzito, ila umekata jumla mno mkuu. Wapo wanaojibu, na kinachowatenga na wengine ni ukubwa wa kifuko cha yai siku ya kuchoma. Kifuko kikuu kikifika karibu milimita 10 kinakuwa na vipokezi vya kutosha vya LH, homoni ya pituitari inayopasua kifuko. Hapo ukichoma GnRH, LH inafika kileleni ndani ya saa mbili hivi, na yai linatoka kati ya saa 24 na 32. Kikiwa milimita 6, LH inapanda vilevile lakini ovari haina cha kuipokea.

Kwa hiyo usichome kabla ya kupapasa, au ultrasaundi kama ipo. Aliyelala akiwa na kifuko kikubwa na aliyelala akiwa na ovari ndogo laini zisizo na kitu juu yake ni wagonjwa wawili tofauti.

#3 Binti wa Chumbageni
Jamani, sisi wengine ng'ombe tunamjua kwa maziwa tu. Mtu apange ngazi zenyewe kwanza, nani anamwamrisha nani, ndipo mbishane.

#4 Mwalimu Korogwe
Ngazi ni hizi, dada. Chini ya ubongo kuna haipothalamasi. Humo, na kwenye eneo lililo mbele yake, zimetawanyika seli za neva za GnRH. Ni chache mno, kwa panya wa maabara hata elfu moja ni shida kufika. GnRH yenyewe ni peptidi fupi, yaani kipande kidogo cha protini, ya asidi amino 10. Inamwagwa kwenye vishipa vya damu vinavyoshuka moja kwa moja hadi pituitari, na pituitari inajibu kwa LH na FSH. Hizo zinakwenda na damu hadi ovari: FSH inaotesha vifuko, LH inavikomaza na mwishowe kupasua kimoja. Ovari nayo inapeleka habari juu kwa estrojeni na projesteroni.

Watu wengi husahau kwamba GnRH haitiririki. Inadunda. Ernst Knobil na wenzake walionyesha mwaka 1978 kwa nyani aina ya rhesus: ukiwapa GnRH kwa mapigo, pigo moja kila saa, LH na FSH zinatoka. Ukiwapa homoni hiyohiyo mfululizo bila kupumzika, zinazimika. Mapigo ya haraka yanapendelea LH, ya polepole yanapendelea FSH. Swali la nani anayapiga hayo mapigo ndilo kiini cha uzi huu.

#5 Kijana wa Ngamiani
Kisspeptini si ndiyo ile iliyoleta Nobeli miaka ya sabini? Halafu mbona estrojeni haiendi kuzigusa hizo seli za GnRH moja kwa moja? Ya nini kuweka mtu wa kati?

#6 Daktari wa Raskazone
Wa Ngamiani, Nobeli umeigawa vibaya. Ile ya 1977 walipewa Roger Guillemin na Andrew Schally kwa homoni za peptidi zinazotoka ubongoni, GnRH ikiwemo. Mmoja alikusanya ubongo wa kondoo, mwingine wa nguruwe, na mfuatano wa GnRH ukajulikana 1971. Nusu ya tuzo ilikwenda kwa Rosalyn Yalow kwa njia ya kupima homoni kwa mionzi. Bila hiyo njia hakuna ambaye angeyaona mapigo ya LH kwenye damu.

Kisspeptini ni ya baadaye sana. Jeni lake lilipatikana 1996 huko Hershey, Pennsylvania, watu wakitafuta kinachozuia saratani ya ngozi kusambaa. Hakuna aliyekuwa akiwaza uzazi. Mwaka 2003 ndipo timu mbili, moja Ufaransa na nyingine Boston, zikaeleza watu ambao hawakubalehe kwa sababu kipokezi cha kisspeptini, kiitwacho GPR54, kilikuwa na hitilafu.

Kuhusu mtu wa kati: seli za GnRH hazina kile kipokezi cha estrojeni cha aina ya alfa, na hicho ndicho kinachobeba ujumbe mkuu wa ovari. Seli za kisspeptini zinacho kwa wingi, na cha projesteroni pia. Estrojeni inaongea nazo, zenyewe zinaisukuma GnRH. Ukiondoa hizo seli, ovari inaongea na ukuta.

#7 Mwalimu Korogwe
Namuunga mkono Daktari #6, naongeza palipo patamu. Seli za kisspeptini ziko makundi mawili. Moja liko mbele, lingine liko kwenye kiini cha akuati, chini kabisa ya haipothalamasi.

Hizi za akuati zina peptidi tatu ndani ya seli moja: kisspeptini, nyurokinini B na dinofini. Jambo hilo lilionekana kwa kondoo kwanza, na tangu 2010 seli hizo huitwa KNDy. Kazi zimegawanywa hivi. Nyurokinini B inawashana yenyewe kwa yenyewe: seli moja inaitoa, inaamsha jirani, jirani anaamsha mwenzake, kundi zima linalipuka kwa pamoja. Katika mlipuko huo kisspeptini inamwagwa kwenye ncha za seli za GnRH, nazo zinatoa pigo. Dinofini inatoka ikiwa imechelewa kidogo na kulizima kundi. Kisha kimya, mpaka mlipuko mwingine. Ndiyo mapigo yenyewe hayo.

Ushahidi wa kwa watu ulikuja 2009: familia kadhaa za Uturuki zenye hitilafu kwenye jeni la nyurokinini B au la kipokezi chake, na watoto wao hawakubalehe.

Sasa mlete ng'ombe. Akiwa na kile kiuvimbe cha manjano kwenye ovari, koposi luteamu, projesteroni iko juu na inaipa nguvu dinofini. Mapigo yanapungua hadi moja kila saa tatu, nne. Koposi luteamu ikiyeyuka, breki inaachiwa, mapigo yanafika karibu moja kila saa, kifuko kinakomaa, estrojeni inapanda, na wimbi kubwa la LH linakuja. Bila mapigo ya karibu kila saa, kifuko kinakua kidogo na kufa, kingine kinaanza, nacho kinakufa. Huyo ndiye ng'ombe wa #1.

#8 Kijana wa Ngamiani
Na lile kundi la mbele? Kwenye vitabu limechorwa pembeni ya ventrikali ya tatu na kuandikwa ndilo linaloleta wimbi la LH.

#9 Daktari wa Raskazone
Hiyo michoro ni ya panya. Kwa kondoo na ng'ombe kundi la mbele liko eneo la preoptiki, lile lililo mbele ya haipothalamasi, na zile za akuati nazo zinashiriki kwenye wimbi, si mapigo peke yake. Ukichukua mchoro wa panya ukaubandika kwenye ng'ombe wa Mlingano utapotea. Panya ana mzunguko wa siku nne, tano, na wimbi lake limefungwa kwenye saa ya mchana. Ng'ombe wimbi lake linaweza kuja saa yoyote.

#10 Mfugaji wa Pongwe
Haya ndiyo niliyokuwa nayatafuta. Basi angalieni: GnRH ya asili kwenye damu, nusu yake imekwisha ndani ya dakika chache. Hata buserelini, iliyobadilishwa ili isikatwe haraka, inaleta wimbi moja la LH la saa nne hadi sita. Wimbi la ng'ombe mwenyewe linadumu saa nane hadi kumi. Sindano ni mgeni wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo. Kesho asubuhi zile KNDy ziko kimya vilevile.

#11 Mhimilishaji Muheza
Ndiyo maana hatuchomi GnRH peke yake tukaondoka, bwana. Tunaipanga. Ratiba ya Ovsynch, iliyotoka Wisconsin 1995, inakwenda hivi:

Jumatatu saa mbili asubuhi, GnRH: gonadorelini maikrogramu 100, au buserelini maikrogramu 10, ambayo kwa chupa ya maikrogramu 4 kwa mililita ni mililita 2.5. Jumatatu inayofuata saa ileile, prostaglandini, homoni inayoyeyusha koposi luteamu: kloprostenoli maikrogramu 500 (mililita 2) au dinoprosti miligramu 25 (mililita 5). Saa 56 baadaye, yaani Jumatano saa kumi jioni, GnRH ya pili, kipimo kilekile. Alhamisi saa mbili asubuhi unahimilisha, joto limeonekana au halikuonekana.

Inapoharibikia: mtu anaruka Jumatano jioni kwa sababu ya usafiri, anachoma Alhamisi asubuhi na kuhimilisha papo hapo. Mbegu inakaa inangoja yai hadi inachoka. Au prostaglandini inaingia kwenye mafuta badala ya msuli kwa sababu sindano ni fupi. Tumia geji 18 ya inchi moja na nusu, shingoni. Au mrija wa mbegu unayeyushwa kwenye kiganja. Maji yawe nyuzi 35 hadi 37, sekunde 30 hadi 40, pima kwa kipimajoto.

#12 Mama Mitamba Lushoto
Ahsante kwa ratiba, ila umeruka la hatari. Prostaglandini inapita kwenye ngozi. Mwanamke mwenye mimba au mtu mwenye pumu asiishike kabisa, na mwingine yeyote avae glavu. Ikimwagikia mkononi, osha kwa sabuni na maji saa hiyohiyo. Na pima mimba kwanza. Ng'ombe "asiye na joto" mara nyingine ana mimba ya dume la jirani, na hiyo sindano inaitoa.

#13 Daktari wa Raskazone
Sahihi kabisa Mama Mitamba.

Kwa Mhimilishaji #11: ratiba hiyo ilitengenezwa kwa ng'ombe wa maziwa wanaozunguka, yaani ambao mzunguko wao wa joto unaendelea. Kwa aliyelala, prostaglandini ya siku ya saba haina cha kuyeyusha kama GnRH ya kwanza haikupasua kifuko. Kwa wenye damu nyingi ya zebu, ng'ombe wa nundu, mafanikio yanashuka zaidi. Ndiyo maana Brazili wamejenga ratiba zao juu ya kifaa cha projesteroni cha kuweka ukeni. Kile cha gramu 1.38 kinakaa siku saba. Projesteroni inaufundisha upya ubongo kuitikia estrojeni. Ukikitoa, breki inaachiwa kwa ghafla na mapigo yanaharakisha.

#14 Mama Ndama Mkinga
Mmeandika hadi namba 13 na hakuna aliyetaja ndama. Nashangaa.

Chotara wengi wa huku hawashushi maziwa bila ndama. Anakaa na mama yake siku nzima, anaamshia maziwa asubuhi, anamalizia jioni. Kwa ng'ombe hiyo peke yake inatosha kuyashusha mapigo ya LH kwa wiki nyingi. Na si suala la kiwele. Yapo majaribio ya ng'ombe walioondolewa viwele: wakiachiwa ndama zao bado wanachelewa kurudi kwenye mzunguko. Wengine walizibwa macho na pua kwa pamoja wasimwone wala kumnusa ndama, na kunyonya kukapoteza nguvu yake ya kuzuia LH. Ukimpa ndama wa mwenzake anyonye, kizuizi kinalegea. Yaani ubongo unamtambua mtoto, na utambuzi huo ndio unaokwenda kushika breki.

Breki yenyewe ni peptidi za jamii ya afyuni ya mwilini, beta-endofini na hiyo dinofini ya #7. Ushahidi ni naloksoni, dawa inayoziba vipokezi vyake: ukimchoma ng'ombe anayenyonyesha, LH inapanda.

Kwa vitendo: ndama anyonye mara mbili kwa siku baada ya kukamua, kila mara kwa nusu saa, kisha atengwe asionekane. Kumfunga hatua tatu kutoka kwa mama yake si kumtenga. Au mwondoe saa 48 hadi 72 mfululizo, umnyweshe kwa ndoo, umrudishe. Tena angalia upepo: wakati wa kusi banda la ndama liwe kaskazini ya mama, wakati wa kaskazi liwe kusini, harufu isimfikie.

#15 Kijana wa Ngamiani
Hiyo si prolaktini tu, homoni ya maziwa? Anayenyonyesha prolaktini yake inapanda, inazima kisspeptini, basi.

#16 Mwalimu Korogwe
Kwa panya ni kweli. Kwa mwanamke mwenye prolaktini iliyopanda kupita kiasi nako hoja inasimama, na kisspeptini ya kuchomwa imeweza kurudisha mapigo ya LH kwa wanawake wa aina hiyo. Kwa ng'ombe haikuthibitika: wakishushiwa prolaktini kwa bromokriptini, bado wanabaki bila mzunguko. Mama Ndama yuko karibu na ukweli zaidi.

Ila upepo wa kusi na kaskazi nauwekea alama. Harufu iliyo kwenye majaribio hayo ni ya mama kumnusa ndama wake kwa karibu, pua kwa mkia, si ya kupeperushwa uwanjani.

#17 Mama Ndama Mkinga
Haidhuru, Mwalimu. Kumpanga kwa upepo hakugharimu kitu.

#18 Mfugaji wa Pongwe
Mimi nasimama kwenye chakula. Chukua ng'ombe wawili wenye ndama, zizi moja. Aliyezaa akiwa na hali ya mwili 3 mpaka 3.5 kwa kipimo cha 1 hadi 5 anarudi mapema. Aliyezaa akiwa 2, mbavu zinahesabika, huyo analala. Wote wananyonyesha.

Baada ya kuzaa maziwa yanakula nishati kuliko majani ya tembo yanavyoleta, hasa yakikatwa yakiwa na urefu wa mtu na shina limekomaa. Insulini iko chini, leptini, homoni itokayo kwenye mafuta ya mwili, iko chini. Kwenye akuati hiyohiyo kuna seli za njaa zenye nyuropeptidi Y, zinapiga kelele na kuwanyamazisha majirani zao wa kisspeptini. Seli za shibe, zinazotoa alfa-MSH, zinazidiwa. Mlishe kilo mbili, tatu za pumba za mahindi na mashudu kwa siku, anza miezi miwili kabla ya kuzaa. Kuanza baada ya kuzaa ni kuchelewa, maana chakula chote kinakwenda kwenye ndoo ya maziwa.

#19 Daktari wa Raskazone
Chakula nakubali. Njia uliyoichora ndiyo ina mashimo. Panya walipoondolewa kipokezi cha leptini kwenye seli za kisspeptini tu, walibalehe na kuzaa kama kawaida. Kwa hiyo leptini haihitaji kuzigusa hizo moja kwa moja, inapitia kwa majirani, na majirani ni wengi. Halafu si ubongo peke yake: insulini na homoni ya IGF-1 zikishuka, ovari yenyewe inaitikia LH kwa uvivu. Unaweza kuyarudisha mapigo na bado kifuko kikatoa estrojeni kidogo isiyotosha kuleta wimbi.

Lingine: mwishoni mwa mimba estrojeni ya kondo inaimaliza akiba ya LH kwenye pituitari. Kujaza upya kunachukua wiki mbili hadi nne. Ndani ya kipindi hicho hata kisspeptini ipige vipi, ghala halina kitu. Ila kwa ng'ombe wa siku 90 hicho si kisingizio tena.

#20 Mtu wa Pangani
Joto la hewa je? Mwezi wa pili huku Pangani nyuzi 30 na unyevu asilimia 75 ni siku ya kawaida. Ukipiga hesabu ya faharasa ya joto na unyevu unapata kama 82, na ng'ombe wa maziwa anaanza kuumia kwenye 72. Kotisoli, homoni ya msongo, inapanda, LH inashuka, joto la kupandwa linafupika. Wengine wanasema katikati yake kuna peptidi nyingine iitwayo RFRP-3, inayofanya kinyume cha kisspeptini. Kazuyoshi Tsutsui na wenzake walipata ya namna hiyo kwa kware huko Japani mwaka 2000, na kwa panya msongo wa mwili unaiongeza.

Dawa yake ni kivuli, paa la makuti lililo juu, maji saa zote, na chakula kingi kitolewe usiku.

#21 Mama Mitamba Lushoto
Huku Lushoto baridi ipo na bado wanalala.

#22 Mwalimu Korogwe
Hiyo RFRP-3 nayo ina ubishi. Kwa panya na kware ni breki. Kwa kondoo kuna majaribio yaliyoona LH ikishuka na mengine yakaidunga hadi kwenye ubongo bila kuona chochote. Na kwa hamsta dume, kinyama wa jamii ya panya anayezaa kwa msimu, inategemea urefu wa mchana. Paa la makuti sikatai, linamfaa ng'ombe hata kama hiyo peptidi haihusiki.

#23 Mhimilishaji Muheza
Wakubwa, kabla ya kumgawana huyu ng'ombe, nani kathibitisha kwamba amelala? Kutokuonekana kwenye joto si kulala. Damu ya zebu joto lake ni fupi, mara nyingi linadumu saa kumi hivi, na linapenda usiku. Ng'ombe aliye peke yake bandani hana wa kumpanda, kwa hiyo utaona nini? Na yai la kwanza baada ya kuzaa kwa kawaida linatoka kimya, kwa sababu ubongo haujapitiwa na projesteroni. Baada ya hapo koposi luteamu inaishi siku 8 hadi 12 tu, halafu ndipo joto la kwanza la kuonekana. Mwenye ng'ombe akiona joto siku ya kumi baada ya sindano anadhani dawa imeharibika, kumbe ndiyo njia yake.

Papasa mara mbili, siku kumi zikipita katikati. Koposi luteamu inashikika mkononi kuanzia kama siku ya 5 hadi ya 18 ya mzunguko wa siku 21. Kipindi kisichoshikika ni kama siku nane, kwa hiyo anayezunguka hawezi kukukwepa mara zote mbili. Ukiikuta hata mara moja, huyo hana shida ya kisspeptini. Ana shida ya mtu wa kumtazama saa kumi alfajiri. Huyo prostaglandini peke yake inamtosha, mradi si ndani ya siku tano za mwanzo wa mzunguko.

#24 Binti wa Chumbageni
Nimefuatilia hadi hapa. Sasa paka wa mtaani mbona yeye hana ratiba? Kila siku kelele.

#25 Daktari wa Raskazone
Paka, sungura na ngamia yai lao linangoja kupandwa, dada. Kwa paka na sungura msisimko wa njia ya uzazi unapanda kwa uti wa mgongo hadi haipothalamasi, GnRH inamwagika, na sungura anatoa mayai saa 10 hadi 12 baadaye. Kwa jamii ya ngamia kuna kitu kwenye majimaji ya shahawa yenyewe, protini iitwayo NGF ya beta, kinachosababisha wimbi la LH hata ukimchoma kwenye msuli bila dume. Paka asiyepata dume kwa kawaida hapasui, vifuko vinanywea, vingine vinaota, kelele zinaanza upya.

#26 Mtu wa Pangani
Na mbuzi? Ulaya wanasema ni wa msimu, wa kwetu wanazaa mwezi wowote.

#27 Mwalimu Korogwe
Tanga iko kama nyuzi 5 kusini ya ikweta, mchana haubadiliki kiasi cha kuhisiwa. Kule mbali na ikweta, usiku mrefu unaongeza melatonini, habari inapita kwenye pituitari na homoni za thairoidi hadi kwenye kisspeptini, na kondoo anaingia msimu. Mbuzi wa Mkinga anasikiliza mvua na majani. Na beberu: ukimtenga jike wiki kadhaa kisha ukamwingiza dume mgeni, harufu yake inaharakisha mapigo ya LH ndani ya dakika. Kwa mbuzi hizo seli za akuati zimerekodiwa zikiitikia harufu hiyo.

#28 Binti wa Chumbageni
Kwa binadamu hizi peptidi zina matumizi yoyote au ni za zizini tu?

#29 Daktari wa Raskazone
Zipo. Mwanamke akikoma hedhi estrojeni inaondoka, zile seli za nyurokinini B zinavimba na kupiga kupita kiasi, na ziko jirani na neva zinazosimamia joto la mwili. Ndiyo ile hali ya kuwaka moto ghafla usiku. Dawa ya fezolinetanti, inayoziba kipokezi cha nyurokinini B, iliidhinishwa Marekani 2023. Na London, Imperial College, mwaka 2014 waliripoti kutumia kisspeptini kukomaza mayai ya wanawake wanaotungishiwa mimba maabara. Faida yake ni kwamba inaamsha GnRH ya mama mwenyewe, hatari ya ovari kuchochewa kupita kiasi inapungua.

#30 Kijana wa Ngamiani
Basi tumchome ng'ombe kisspeptini yenyewe tumalize ubishi.

#31 Mwalimu Korogwe
Kwa kondoo walio nje ya msimu walijaribu, 2007, Alain Caraty na wenzake Ufaransa. Wengi walitoa yai. Lakini ilikuwa dripu ya saa nyingi, si sindano moja, kwa sababu kisspeptini ya asidi amino 10 inavunjwa kwenye damu kwa dakika chache. Wanaotengeneza zinazodumu wapo, ila dukani kwa dawa za mifugo hutaikuta. Na ukiidumisha sana, kipokezi kinachoka, kama GnRH ya mfululizo ya #4.

#32 Mfugaji wa Pongwe
Narudi zizini. Mzao wa pili, siku 100, hali ya mwili 2, amepapaswa mara mbili kwa siku kumi: ovari ndogo, hakuna koposi luteamu, hakuna kifuko cha maana. Mimba hana. Kila mmoja aseme aanzie wapi.

#33 Daktari wa Raskazone
Sichomi chochote leo. Dawa ya minyoo akihitaji, pumba na mashudu, madini, siku 30. Apande hadi 2.5 ndipo tuzungumze homoni.

#34 Mhimilishaji Muheza
Siku 30 ni nyingi kwa mwenye mkopo wa mtamba. Kifaa cha projesteroni siku saba, ukikitoa choma prostaglandini pamoja na ile homoni ya farasi mwenye mimba yuniti 400. Hiyo inaiongoza ovari moja kwa moja, haisubiri ruhusa ya ubongo. Saa 56 baadaye GnRH, halafu mbegu.

#35 Daktari wa Raskazone
Atatoa yai moja, akikosa kushika mimba anarudi kulala. Umemlipisha mara mbili.

#36 Mama Ndama Mkinga
Kabla hamjagawana, swali moja kwa mwenye ng'ombe: ndama analala wapi usiku?

#37 Mfugaji wa Pongwe
Zizi moja na mama yake. Kamba tu inawatenganisha.

#38 Mama Ndama Mkinga
Mhamishe leo jioni, nyuma ya nyumba, ukuta uwe katikati. Asubuhi mlete aamshie maziwa, mkamue, anyonye nusu saa, mrudishe. Maziwa yakigoma siku mbili za mwanzo usimrudishe usiku. Mkande kiwele kwa maji ya vuguvugu na umpe pumba wakati wa kukamua. Chakula cha Daktari kiendelee sambamba.

#39 Mhimilishaji Muheza
Sawa, ila apapaswe tena siku ya 14. Akiwa na kifuko cha milimita 10 siku hiyo, GnRH moja ina kazi ya kufanya. Na chupa usiiweke kwenye boksi la pikipiki juani kutoka mjini hadi Pongwe; iingie kwenye kibebeo chenye barafu iliyofungwa kwa gazeti, isigusane na barafu yenyewe, kama kibandiko kinasema nyuzi 2 hadi 8.